Niongeze Kidogo

Ukitaka kujua watu wa kwaya wanapendana aje, warekodi kila mmoja na maiki yake. Mutheu alijionea.

Alikuwa anasomea kurekodi na kumiksi muziki pale Machakos town. Kwa mtihani akaleta kwaya ya kanisa lao kutoka Mwala, watu wanane, wakaimba kwa darasa lililotundikwa blanketi ukutani. Kosa lake lilikuwa moja: aliwaonyesha kwamba ndani ya kompyuta kila sauti iko na mstari wake, na unaweza kuipandisha au kuishusha vile unavyotaka.

Kabla hata wafike nyumbani, simu ikaanza.

"Niongeze kidogo, siku hiyo nilikuwa na homa," akaandika Justus wa besi.

"Mimi usiniongeze sana," akaandika Mwikali. "Bora tu nimpite Justus."

Mamake Mutheu, Peris, naye wa kwaya, yeye hakuandika, alipiga. "Mutheu, nimeambia wamama wote wa chama nitasikika. Usiniaibishe."

Mutheu na roho yake safi akawaongeza wote. Akiinua Mwikali, Justus anazama. Akiinua Justus, mama anapotea. Mwishowe taa nyekundu za kuonya sauti imezidi zikawaka kila mahali, na wimbo ukatoka kama mnada wa mbuzi.

Mwalimu wake, Kimanzi, akasikiliza kidogo, akavua hedifoni. "Hapa nani anaimba?"

"Wote, mwalimu."

"Basi hakuna. Nani anabeba huu wimbo? Huyo muache juu. Wengine washushe."

Aliyebeba wimbo ni Ndanu, sauti ya kwanza. Mama aliimba ya pili, tena kwa nguvu, akimkanyaga Ndanu kila mstari. Mutheu akakaa hapo, mkono kwa mausi. Si huyu mama ndiye alimfundisha kushika sauti ya pili, wakichagua ndengu jikoni? Kumshusha ilikuwa kama kumwambia aende akae viti vya nyuma kanisani.

Akamshusha. Pole pole, akisikiliza, mpaka akaacha kusikia mama, akaanza kusikia wimbo.

Jumamosi akaenda Mwala na kompyuta na spika. Kwaya ikasikiliza, wamama wa chama pia. Wimbo ukaisha.

"Na mimi niko wapi?" Peris akauliza.

"Uko ndani, mwaitu," Mutheu akamwambia mamake.

"Ndani wapi? Ama siku hiyo nilikuwa nimeenda soko Kangundo?"

Watu wakacheka. Mutheu hakucheka. Akacheza wimbo tena, na pale katikati akazima sauti ya mamake peke yake. Ndanu alikuwa bado anaimba vizuri, lakini wimbo ulikuwa umekuwa mwembamba, kama nyumba imetolewa vitu. Hata Justus akainua kichwa.

Mutheu akairudisha. Wimbo ukajaa.

Peris akafunga macho. "Zima tena."

Akazima.

"Rudisha." Sauti ikarudi, Peris akafungua macho. "Kumbe hiyo yote ni mimi."

"Ni wewe, mwaitu."

Peris akageukia wamama wa chama, akawaangalia mmoja mmoja, hakuna aliyebisha.

"Haya, mimi sasa," Justus akaruka. "Nizime tusikie!"

"Aii, anza na mimi!" Mwikali akamsukuma. "Huyu ukimzima hakuna mtu atajua."

Peris akaweka mkono juu ya kompyuta. "Ngojeni," akasema. "Bado ni zamu yangu."