Vitunguu vya Ukingoni

Nilipokuwa mtoto sikujua kwamba kitunguu nacho kinaweza kuogopwa. Nililijua hilo mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Bukima kando ya ziwa, baba yetu akiwa ametoka kuzikwa.

Mama alikuwa hajanyolewa nywele za msiba, na mjane wa hivyo hakuruhusiwa kugusa mche. Mkono wake unaunguza, walisemaga. Siku ya kupandikiza vitunguu vya kijiji, bibi, mama yake baba, akamwonya: "Mama Nyangeta, usiende bustanini. Utajiletea maneno, na hapa hatuna ndugu."

Mama akaenda. Alitaka sana wale wanawake wageni wamhesabu mwenzao. Mimi nilitaka zaidi, maana watoto wao walikuwa hawachezi na mimi. Mama Majura, jirani yetu mpya, akamwomba kwa upole akae kando. Tukakaa majanini, tukawatazama wakipandikiza jua likiwa la utosi, haraka haraka, wawahi mkutano wa balozi wa nyumba kumi.

Walipoondoka tulibaki. Jua lilipopoa, mama akaokota miche iliyosalia kitaluni, akapunguza ncha za majani, akaichomeka ukingoni mwa bustani, nami nikimletea maji ya ziwa kwa kopo. Alitabasamu. Tangu msiba nilikuwa sijamwona akitabasamu.

Miche yao ikakauka yote. Ya mama ikashika. Jamani, heri nayo ingekufa! Jua la mchana hakuna aliyelitaja. Walisema mjane kavuta uhai wa miche yao akautia kwenye yake.

Vitunguu vyake vilipokomaa, mama alimpelekea mama Majura kikapu kizima. Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri tu. Mvua zilipoanza tukaviona jalalani, nyuma ya nyumba yake, vimechipua.

Mama alisimama akavitazama.

"Hata huku vimeshika," akasema, akanivuta tukaenda zetu.

Nilidhani anajivuna. Basi nami nikajivuna kwa ajili yake. Lakini tangu siku hiyo, hata baada ya kunyolewa, hakuchomeka tena mche kwa mkono wake. Alisimama pembeni ya tuta, mikono kaificha ndani ya khanga, akinielekeza nipande mimi. Bibi alikuwa ameyaogopa maneno ya watu, na kweli yalikuja. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba mama naye aliyaamini.