Binti yangu alikunywa maziwa asiumwe tumbo, nusura nimfukuze mama yake

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mliojifungia chooni na simu.

Naandika hili nikiwa na moyo mwepesi, ila miezi michache iliyopita nisingeweza. Sitatia chumvi. Nikitia, mke wangu atajua, maana naye husoma humu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, naishi Mabawe huku Ngara. Kwetu hasa ni Bugarama, watu wa kahawa, migomba na maharage toka enzi za mababu.

Sasa ukoo wetu una jambo moja. Hatuwezani na maziwa freshi.

Mtu mzima wa kwetu akinywa kikombe kimoja, tumbo linaunguruma, linajaa gesi, na baada ya hapo anautafuta mlango wa uani. Mtindi kidogo tunavumilia. Freshi hapana.

Wazee wakaligeuza kuwa kipimo. Mtoto akifika miaka saba, siku ya sikukuu anapewa kikombe kikubwa cha maziwa ya ng'ombe. Tumbo likimsumbua watu wanacheka, wanasema huyu wetu.

Msiniulize kwa nini tulimfanyia mtoto hivyo. Tulizoea, basi.

Mke wangu Minza ni Msukuma. Wazazi wake walihamia Biharamulo na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Yeye maziwa anayanywa kama sisi tunavyokunywa maji, tena anamshangaa anayeyakataa.

Pasaka iliyopita binti yetu Odilia alikuwa ametimiza saba. Akapewa kikombe mbele ya ukoo mzima. Akanywa chote, akafuta mdomo kwa mkono, akaomba kingine. Akapewa. Kisha akaenda kuruka kamba na wenzake.

Watu wakasubiri. Mpaka jioni mtoto yuko vilevile, anadai chakula.

Mama yangu mzazi akaniita pembeni. Mama haongei sana, na akiongea huwa ameshamaliza kufikiri. Akasema, "Mwanangu, huyu mtoto si wa tumbo letu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wakuu, neno likishaingia sikioni halitoki. Nikakumbuka kwamba kabla sijamuoa Minza, kuna bwana mifugo alikuwa haishi kwao, kila wiki yupo. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuwazia vibaya. Sasa nikawa namuwaza nikiwa na mashine mkononi, nikaharibu geti la watu.

Nyumbani nikaanza kumchunguza mtoto. Masikio. Vidole vya miguu. Namna anavyocheka. Chakula cha Minza nikawa nakigusa tu, nasema nimekula kazini.

Wiki mbili hivyo. Kumbe mama ameshampelekea habari baba mkubwa, ndiye anayeongoza ukoo tangu baba afariki. Kikao kikapangwa Jumapili baada ya misa. Ajenda ilikuwa moja: Minza arudi kwao Biharamulo na mtoto wake.

Alhamisi nikaenda kituo cha afya. Shida yangu ilikuwa moja tu, nielekezwe namna ya kupata kipimo cha DNA.

Nikampata daktari mama wa makamo. Shikamoo, marahaba, kaa. Akauliza nina mashaka gani. Nikaona aibu, lakini nikamwambia yote, mpaka kikombe cha pili.

Akavua miwani akanitazama. "Yaani ushahidi mlio nao ni kwamba mtoto hakuharisha?"

Nikasema ndiyo. Neno lilipotoka mdomoni mwangu nikalisikia lilivyo la kijinga.

Akanieleza, nami nawaletea kama nilivyoelewa, wataalamu mtanirekebisha.

Karibu kila mtoto mchanga huzaliwa na kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa. Kwa watu wengi kinapungua kadiri wanavyokua. Wengine, hasa wa koo zilizoishi kwa ng'ombe vizazi na vizazi, wana jeni inayokifanya kiendelee mpaka uzeeni.

Sisi ambao kimepungua, sukari ile haivunjwi huko juu. Inateremka mpaka utumbo mpana, na huko wanaishi bakteria wasiohesabika. Kwao hiyo ni harusi. Wanakula, wanatoa gesi, na wewe unatafuta mlango wa uani.

Halafu akasema jambo lililonishangaza zaidi. Kwa mtu kama mimi, nikiwa mnywaji wa maziwa, bakteria wanaopenda sukari hiyo watastawi kuliko kwa Minza, kwa sababu kwake sukari inaishia njiani kabla haijawafikia. Kwa hiyo jeni ulizorithi zinachangia kuamua nani astawi tumboni mwako. Si jeni peke yake, chakula na dawa navyo vimo, lakini zina sauti.

Na mtindi? Akasema mule bakteria wameshakula sehemu ya sukari kabla yako, ndiyo maana tunauvumilia.

Kisha akamalizia. "Mtoto ana nusu yako na nusu ya mama yake. Kwa jambo hili, nusu ya mama inatosha."

Hakunidanganya kwamba hiyo inathibitisha baba ni nani. Alisema DNA ina utaratibu wake na nikitaka atanielekeza, ila kwanza nijiulize naitafuta kwa kosa gani alilofanya mwenzangu.

Nikamshukuru, nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa nikalia kama mtu aliyefiwa. Lakini ilikuwa furaha wakuu. Mzigo ulishuka mpaka miguu ikawa miepesi.

Jumamosi nikamwambia Minza kila kitu. Alikuwa anachambua maharage. Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua, halafu akasema, "Kwa hiyo wiki mbili ulikuwa unamtazama mwanangu ukimtafuta mtu mwingine usoni mwake."

Sijawahi kupigwa, lakini siku hiyo nilipigwa.

Jumapili akaenda nami kikaoni, kwa hiari yake. Nikaeleza kama nilivyoelezwa. Baba mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza hao wadudu wa tumboni wana faida yoyote au wanakula bure. Watu wakacheka kidogo. Nikasema wapo wenye faida. Akasema basi hakuna kesi hapa.

Mama alikuwa ameinama muda wote. Nikadhani amekasirika.

Akainua kichwa akamgeukia Minza, si mimi. "Mkamwana, hata mimi nilipimwa. Huyu mumeo alipozaliwa mweupe, mama mkwe alisema si wao. Nikangoja miaka saba. Siku alipoumwa tumbo akilia uani, nilijificha jikoni nikamshukuru Mungu."

Hata baba mkubwa hakuijua habari hiyo.

Mama akaendelea, "Nilisahau ilivyouma. Nisamehe." Kikombe cha ukoo kikaishia hapo, hakuna mtoto mwingine atakayepewa.

Minza alisema amesikia. Hakusema amesamehe. Wiki iliyofuata akaenda kwao Biharamulo na mtoto, na sikuthubutu kuuliza atarudi lini. Siku tisa nilikuwa sili wala sichomelei vizuri. Siku ya kumi nikasikia Odilia anamsimulia jirani habari za ndama wa babu yake, na nyuma yake Minza kabeba begi. Nilimpokea begi, nikaliingiza ndani.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa na jibu ndani ya nyumba. Miaka yote namwona mke wangu akinywa maziwa bila shida; ningejiuliza tu mtoto karithi kwa nani, ningejijibu kwa dakika moja. Badala yake nilikwenda kupima masikio ya mtoto.

DNA sikupima na sipimi.

Haya, komenti zenu nazisoma zote, hata za kunitukana, nimezistahili. Na kama ukoo wenu una kipimo chake cha kumjua mtoto, kitajeni hapa tukijadili kabla hakijamtoa mtu nyumbani kwake.