Tuta la Mama Anzelma

Nicheke tu, msomaji, maana hata mimi nimeshajicheka. Kazi yangu hapa Sumbawanga ni kutengeneza bustani za nyumbani kwa nyasi na maua ya porini, bila saruji. Mama Anzelma wa Kizwite, anayeishi peke yake, aliniachia uwanja wake akaenda Kabwe, kule ziwani, kumwona binti yake.

Nikafukia majani chini ya udongo kama wafanyavyo Wafipa mashambani, ila tuta langu nililirefusha, nikalizungushia mawe, nikapanda maua juu. Kisha nikakaa kando yake kichwa chini, nikiwasikiliza nyuki na kuota mvua ikizama polepole hadi mizizini.

Jirani alichungulia, akashika kichwa, akaondoka. Nikajisemea, uzuri umemzidi. Punde wakaja kina mama wakiwa na kuni na unga, wakaketi chini. Wamekuja kujifunza! Nikawaeleza kwa upole: "Kilichomo humu kitaoza taratibu, kisha kitatulishia maua."

Wakaangua kilio.

Mara Mama Anzelma akashuka kwenye bodaboda na ndoo yake ya dagaa. "Jamani, nani amekufa kwangu?"

Kilio kikakatika. Wakamtazama yeye, wakatazama tuta, kisha wakanigeukia mimi na jembe langu.