Bipu Mbili za Mama Florentine

Mama Florentine hakuwa mtu wa kujisifu, isipokuwa kwa kitu kimoja: nambari ya kabine yake ya simu. Alikuwa amerudi mjini Baraka, kando ya ziwa, kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania akiwa na kompyuta moja kuukuu na vipokea sauti viwili vilivyofungwa kwa utepe, na kwa vifaa hivyo alikuwa akipigisha watu simu za mtandao kwa ndugu zao waliobaki ng'ambo ya ziwa. Kampuni ya simu aliyojiunga nayo ilimpa nambari moja isiyobadilika. Kule kambini hata bibi asiyejua kusoma aliitambua, kwa kuwa iliishia na sifuri tatu.

Utaratibu ulikuwa huu. Kwanza Florentine anapiga bipu mbili na kukata. Wa kambini akiona bipu mbili za sifuri tatu, anaacha sufuria yake motoni, anapanda mpaka karibu na tangi la maji, mahali pekee ambapo mtandao unashika vizuri, na kusubiri. Baada ya nusu saa simu yenyewe inapigwa. Hakuna aliyewafundisha. Waliuzua wenyewe, na ulikuwa unafanya kazi kuliko mambo mengi ya serikali.

Kulikuwa na utaratibu mwingine pia, usiosemwa. Habari ya msiba haikuja kwa nambari ya nyumbani. Mtu akifa huku Fizi, milimani juu ya Baraka, wanaambiwa kwanza jamaa walio mbali kabisa, Ulaya au Amerika, na hao ndio wanaopigia kambini, wampate mchungaji au shemeji aliye karibu, ili mjane asiipokee habari peke yake na simu mkononi. Kwa hiyo nambari ngeni ya Ulaya kambini haikuwa na sura nzuri. Mama Florentine alilijua hilo vizuri sana, maana alikuwa ameishi kule miaka tisa. Ndiyo maana alijilaumu sana baadaye.

Mwaka huo wa 2009 jeshi na waasi walikuwa wakipigana milimani, na hapo ndipo Eddy naye alipofungua kabine yake upande wa pili wa barabara. Eddy alikuwa na kampuni nyingine, ya bei ya chini karibu nusu. Wateja walivuka barabara bila aibu, wengine wakimpungia Florentine mkono. Alikaa wiki mbili akipangusa vumbi kwenye kompyuta isiyotumika, akipima mambo. Kampuni yake ilikuwa ghali kidogo, lakini ukibonyeza mara moja unasikia mtu. Tena ilikuwa na Guy, kijana wa Bukavu mwenye mke, aliyepokea simu kila alipokwama na kumwelekeza polepole kwa Kiswahili mpaka kitu kikakubali. Ile ya Eddy ilikuwa na maandishi ya Kiingereza kurasa tatu, na ukikwama unaiandikia barua pepe. Florentine alipima, akapima tena, akaitazama barabara iliyojaa wateja wa Eddy. Alhamisi asubuhi akampigia Guy na kumwambia afunge akaunti. Hakumweleza sababu, alikata haraka kwa sababu machozi yalikuwa karibu. Kisha akajiunga na ile kampuni ya Eddy.

Mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa Papa Anatole.

Papa Anatole alikuwa mkulima wa Fizi-Centre. Kila Alhamisi alishuka na baiskeli yake kuongea na mkewe Adolphine, ambaye mguu mbaya ulikuwa umembakiza kambini pamoja na binti yao Nadège. Kwa miaka miwili Adolphine alikuwa akiuliza swali lilelile, kama nyumba ya kurudia imekwisha, na Anatole alikuwa akijibu kwamba bado. Kambi ilikuwa karibu kufungwa. Boti ya kuwarudisha watu Baraka ingeondoka Jumanne, na orodha ya majina ilikuwa inafungwa Ijumaa jioni. Anayekosa boti hiyo angehamishiwa kambi nyingine, mbali zaidi ndani ya Tanzania, na hakuna aliyejua kwa miaka mingapi.

"Mama Florentine, leo njo leo," alisema huku akivua kofia. "Mabati nimemaliza kupigilia. Nataka nimuambie aandikishe jina."

Florentine alifurahi kweli. Akapiga bipu mbili, akakata. Wakangoja nusu saa, Anatole akijifunza maneno yake kwa sauti ya chini. Simu ikapigwa, ikaita, ikaita, haikupokelewa. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu ilikuwa imezimwa.

"Labda moto wa batri umekwisha," Florentine akasema.

"Labda," Anatole akajibu, akarudisha kofia kichwani. Alitaka kurudi Fizi, lakini risasi zilikuwa zimeanza kusikika barabarani huko juu na watu walikuwa wakishuka na magodoro. Akalala kwa mpwa wake palepale Baraka.

Ijumaa saa nne simu ya mkononi ya Florentine ililia. Alikuwa mchungaji Alphonse, wa kambini, mtu mpole anayezunguka neno kabla ya kulisema. Alimuuliza habari ya afya, ya wajukuu, ya vita. Kisha akasema, "Mama, utuambie tu. Papa Anatole banamuzika wapi?"

Florentine alimtazama Papa Anatole, aliyekuwa ameketi mbele yake kwenye kibao akila muhogo wa kuchoma.

"Nani anasema alikufa?"

"Bipu mbili zilitoka Ulaya, mama. Kisha simu ikaita kutoka inchi ingine. Adolphine hakuipokea. Na radio ilishasema kule Fizi banapigana. Alizima simu, akakuja kwangu. Tangu jana iko chini ku mukeka, bamama banaimba naye."

Hapo ndipo Florentine alipoelewa. Kampuni ya bei ya chini ilikuwa inapitisha kila simu katika nchi tofauti, na kila mara ilionyesha nambari tofauti. Alitaka kumweleza mchungaji, lakini salio la mchungaji likaisha, na sauti ikakatika katikati ya neno. Salio lake mwenyewe halikutosha kupiga nchi nyingine, akapiga kwa kampuni mpya, akijua ni ujinga. Ikaita, hakuna aliyepokea. Nani angepokea? Akaandika barua pepe ya kuomba msaada kwa Kifaransa chake cha shule. Jibu lilikuja hapohapo, la mashine, likimshukuru na kumpa nambari ya foleni.

"Orodha inafungwa jioni," Anatole alisema. Muhogo ulikuwa bado mkononi. "Hataandikisha jina. Atakujia nani huku, kama mi nimekufa?"

Florentine akampigia Guy. Alimwambia kila kitu, hata Eddy, hata bei, hata wateja waliompungia mkono. Hakujitetea. Mwisho akauliza kama ile nambari ya sifuri tatu ilikuwa imeshapewa mtu mwingine.

"Sikuifunga, mama," Guy akasema. "Jana nilisikia sauti yako, nikajua unalia. Nikaiweka pembeni kwanza. Fungua kompyuta. Unaona pale pa kijani? Bonyeza."

Florentine alilia wazi sasa, na akabonyeza.

Bipu mbili, akizielekeza kwa simu ya mchungaji, ili yeye amlete Adolphine mpaka tangini. Hawakuthubutu kupiga kabla ya wakati, kwa kuwa mwenye mguu mbaya anapanda polepole. Anatole alisimama, akaketi, akasimama. Nusu saa ilipotimia simu iliita mara moja tu ikapokelewa. Kulikuwa na upepo na pumzi ya mtu aliyechoka.

"Allô," Anatole akasema. "Mama Nadège. Ni mimi."

Florentine akavaa vipokea sauti vya pili.

"Papa Nadège," sauti ikaja, imekauka kwa kilio. "We ulikufa jana."

"Sikukufa. Ni mashine. Sikiliza, nyumba imeisha, mabati iko juu. Kimbia uandikishe jina, banafunga leo."

"Niandikishe nini?"

"Jina."

"Jina iko mule," Adolphine akasema. "Nililiandikisha leo asubuhi, mimi na Nadège. Nilisema, hata kama nyumba haiko, nikuje nikae karibu ya kaburi yako. Nisikuache peke yako na ile vita."

Papa Anatole akavua kofia. Florentine aligeuka, akajifanya anafunga dirisha. Nyuma yake alimsikia akivuta makamasi kama mtoto, na hatimaye akisema kwa sauti ndogo kwamba kaburi hakuna, lakini kitanda kipo, na Jumanne atamngojea bandarini toka asubuhi.