Deni Lina Tarehe, Kifo Hakina

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kama shati nililovaa asubuhi hii. Nilikuwa nimerudi kutoka Doha na diploma yangu ya biashara na akiba ya jasho langu mwenyewe, wala hakuna aliyenishika mkono. Nikafungua duka la majeneza karibu na hospitali ya Mulago, na gari la kubebea maiti lenye kiyoyozi. Nani mtaani alikuwa nalo kabla yangu? Niambie.

Basi nikataka kukua upesi. Nikaweka rehani nyumba ya Luzira, hiyo uliyozaliwa ndani yake, benki ikanikopesha, nikanunua duka la Mama Riziki, mjane wa Kikongo pale Namuwongo. Akapokea fedha zake, akaenda kupumzika. Duka la tatu lilikuwa linasubiri sahihi yangu tu.

Lakini Namuwongo wateja walikata mguu. Mama Riziki alikuwa na desturi yake: msiba ukitokea, alikwenda kwanza kukaa na wafiwa na kuimba nao, jeneza lilitoka, malipo yakafuata baada ya matanga, michango ikishakusanywa. Mimi nilitaka fedha mezani kwanza, maana benki haiimbi na mtu.

Nikamtafuta anieleze. Nikamkuta kwa Mzee Kasule, jirani aliyekuwa mgonjwa, akimnywesha uji.

"Mzee anaendeleaje?" nikauliza.

Mama Riziki akanitazama kutoka viatu hadi tai. "Umekuja kumusalimia ao kumupima?"

Mzee Kasule akacheka hadi akakohoa. "Mwache apime, nnyabo, mama yangu! Lakini leo nimekula vizuri. Nimeongezeka."

Nilicheka nao, mwanangu. Lakini niliposikia anapona, kitu ndani yangu kilisikitika. Mama yule alikiona.

"Baba," akasema polepole, "ulinunua mbao na gari. Mimi haukuninunua. Na ile deni yako iko na tarehe, kifo haina. Mwezi watu wote wakikuwa wazima, utaomba Mungu nini?"

Duka la tatu sikulitia sahihi. Nilimsihi Mama Riziki arudi, nikampa sehemu ya faida, na wafiwa wakarudi nyuma yake. Mkopo ulilipika, nyumba ikabaki yetu. Leo nina maduka manne, kila moja limezaliwa na faida ya mwenzake. Nikijivuna, najivunia haki yangu.

Sasa wewe, kipenzi changu, umeniletea mpango wa kukopa ununue maduka ya watu kwa mpigo mmoja. Kukopa harusi, kulipa matanga. Nasi matanga ni kazi yetu, tusijitengenezee ya kwetu. Kua, sikukatazi, damu yangu hailali. Lakini kopa kile utakachoweza kulipa hata mwezi usio na msiba. Na ukinunua duka, mbembeleze mwenyewe abaki, maana wafiwa humfuata mtu, hawafuati kibao.

Mungu akupe kazi isiyokufanya uwachukie wanaopona. Akukuzie watoto katika nyumba isiyo na rehani. Na siku yangu ikifika, unizike kwa jeneza la mvule, zuri kuliko yote dukani, lakini lisiwe la mkopo.