Rangi Zilizolala Kifudifudi

Siku hizi, katika karakana ya vigae nje ya lango la mji wa Fez, Moroko, nyundo zinagonga kama kawaida, ila pembe ile ya ukutani imekosa mnong'ono. Kwa miaka mingi hapo alikaa Fundi Mfaddal, amekunja magoti juu ya mto, akijisemea chini chini: kijani, buluu, kijani, buluu.

Kazi yake ilikuwa kulaza. Wenzake walichonga vipande, yeye akavipanga sakafuni kifudifudi, mgongo wa udongo juu, kisha vikamwagiwa plasta. Migongo yote ina rangi moja. Nyota na petali zake zilikuwa kichwani mwake tu, mpaka plasta ikauke na ukuta uinuliwe. Aliyekosea hujua wakati huo, mbele ya watu wote.

Hakuwahi kukosea. Jioni alimsimulia mkewe Ghita nyota aliyoilaza, naye Ghita, akikata machungwa ya kunyunyizia mdalasini, alimwonyesha kipande cha duara chenye miale iliyotoka katikati, yote sawasawa.

"Aliyelaza hii," alimwambia, "wala hanong'oni."

Ghita alifariki majira ya baridi. Baada ya arobaini Mfaddal alirudi kazini, akapewa ukuta wa chemchemi ya nyumba moja kubwa: nyota katikati, petali zikipokezana rangi mbili kuizunguka, na mistari ikienda kuzaa nyota nyingine hadi ukingoni. Laarbi, mchongaji aliyeanza naye kazi ujanani, alimdokeza kwamba tajiri wa karakana anataka kuona kama nyota bado zimo kichwani. Zikiwa zimemtoka, kulaza atapewa mwingine.

Siku ya kuinua walifuta vumbi. Petali mbili za buluu zilikaa bega kwa bega. Tangu hapo zamu yote iligeuka, na mwisho wa mzunguko kijani mbili zikagongana.

Laarbi alijaribu kumtetea. Mwenye nyumba ni mtu wa Casablanca, alisema, atadhani ndio mtindo mpya.

"Nilipokuwa nalaza, nilikuwa naongea na Ghita," Mfaddal alisema.

"Na yeye asikwambie umeruka moja, fundi?"

Utani ulikuwa umeshamtoka Laarbi kinywani. Akatazama chini.

"Hakuniambia," alijibu Mfaddal. "Hapo ndipo nilipojua hayupo."

Tajiri alimwambia kwa upole akae achonge na wenzake. Mfaddal alishukuru, akaomba ukuta uvunjwe yeye angali pale, na akaushika upande mmoja wakati Laarbi anapiga nyundo. Kisha akanawa mikono, akaaga.

Sasa anaishi Meknes kwa bintiye Touria, ghorofa ya tatu, katika chumba chenye kuta za rangi nyeupe, zisizo na kigae hata kimoja.