Jina Lililokatazwa Nyumbani Kwao

Rafiki yangu wa shule alikuwa akicheka kabla hadithi yake haijafika mwisho, kwa hiyo hadithi zake nyingi sikuwahi kujua ziliishaje. Vitanda vyetu vilipakana bwenini tangu tulipoingia shule ya sekondari, mimi mtoto wa Bungoma, yeye wa Kitale, ambako baba yake alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu. Watu wao ni wa mlimani, sisi wa huku chini, na lugha zetu hazisikilizani hata kidogo. Tulipendana kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kilikuwa cha kubahatisha.

Mwaka mmoja nilipatwa na ugonjwa wa macho karibu na mtihani, nikawa siwezi kuvumilia mwanga. Alinisomea daftari zote za historia, tumekaa nyuma ya jiko, mimi nimejifunga kitambaa usoni. Alisoma vibaya. Aliwatukana wafalme, akabishana na vita vilivyokwisha zamani, na akifika mahali pa kuchosha aliruka bila kuniambia. Nilifaulu, na hadi leo kuna wafalme ninaowachukia bila sababu. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na sioni haya kusema hivyo.

Alikufa likizo ya mwezi wa nne. Alikwenda kumsaidia baba yake kulima kwa ng'ombe, akachomwa mguu na msumari wenye kutu, akaufunga kwa kitambaa, akaendelea kulima. Pepopunda haikumpa nafasi. Shule ilipofunguliwa nilikuta kitanda chake kimekunjwa godoro, na mwanafunzi mwingine wa Kitale akanieleza huku akitazama viatu vyake.

Nilipopata ruhusa nilikwenda kuhani. Walikuwa wamemzika palepale shambani, pembeni kwenye mibuluu, ile mikaratusi mirefu, kwa sababu kibarua hana ardhi ya kuzikia. Nililia nikiwa nimesimama.

Nilirudi tena baada ya kumaliza shule, nikiwa sasa mwalimu mwenye suruali ndefu. Mibuluu ilikuwa imekatwa na trekta imepita. Pale alipolala palikuwa na mahindi yaliyonipita urefu. Mama yake alinipeleka, akanyoosha kidole kati ya mistari, kisha akakishusha kwa kuwa hakuwa na hakika. Alisema mahindi yalikuwa yamestawi kweli. Alisema pia kwamba posho ya vibarua hutoka shamba hilohilo, na mwaka ule alipopewa unga alikaa nao siku nzima hajui kama apike.

Hapo ndipo aliponiomba. Mumewe alikuwa amekataza jina la kijana wao lisitajwe nyumbani, maana kila alipolisikia aliacha kula. Yeye hakumlaumu. Lakini kaburi limelimwa, mke hakuoa, mtoto hakuacha, na sasa hata jina limefungiwa. Nikipata mtoto wa kiume, akasema, nimpe hilo jina. Likiwa la mtoto aliye hai, nani atamkataza mama mzee kulitaja? Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nilikuwa kijana, na kijana huona ahadi ni maneno tu.

Mtoto alizaliwa nikiwa nafundisha karibu na Bungoma, wa kiume, mwenye sauti ya tarumbeta. Kwetu mtoto akilia bila kunyamaza husemwa kwamba anadai jina, na bibi yake humtajia marehemu mmoja mmoja mpaka anyamaze. Mama yangu akaanza kuwataja. Nikamwambia jina tayari lipo, nikalisema.

Alimweka mtoto chini. Aliniuliza huyo ni nani katika ukoo wetu. Nikasema si wa ukoo, ni rafiki. Akauliza aliacha mke? Aliacha mtoto? Aliacha hata kuku? Mtu aliyekufa bila kuacha moto nyuma, akasema, ukimrudisha kwa jina atakuja kuchukua alichokosa. Nilimjibu kwa Biblia na nikamjibu kwa ukali. Nilikuwa nashinda, mpaka mke wangu akaniambia taratibu kwamba mimi nitakuwa nikiita jina, na yeye kila akilisikia atamshika mtoto paji la uso kuona kama ana homa. Nikamwachia mama yangu aendelee kutaja. Mtoto alinyamazia jina la babu yangu mmoja ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kuuza ng'ombe wa watu wengine.

Nilinuia kwenda Kitale kueleza mwenyewe. Habari za mtoto zikanitangulia. Mama wa rafiki yangu alikuja kwa lori la mahindi, vumbi hadi kwenye nyusi, kuku mwekundu kwapani. Alimpokea mtoto, akamgeuza upande huu na huu, akacheka. Kisha akauliza kwa Kiswahili anaitwa nani.

Nilifungua mdomo. Mama yangu akawahi, akataja jina la babu yangu.

Mgeni alilirudia polepole. Alisema ni jina zuri. Alimrudisha mtoto, akampa mke wangu kuku, na alipoombwa anywe chai alikunywa. Nilianza kujieleza, akanizuia kwa mkono.

"Wewe mtoto wangu, usisumbuke," akasema. "Lakini mimi sijasikia mtu akimuita tangu azikwe. Toka hapo nje umuite mara moja tu. Vile mlikuwa mnaitana huko shule."

Mama yangu alimbeba mjukuu wake, akaingia naye chumba cha ndani na kufunga mlango. Sikumlaumu.

Nilisimama uani karibu na ghala. Jirani alikuwa akipura maharagwe, akaacha kazi akanitazama. Niliita kwa sauti yote niliyokuwa nayo, nikivuta ile herufi ya mwisho kama tulivyofanya shuleni tukimwita atoke mtoni, chakula kisimalizike. Sauti ilivuka migomba, ikaenda hadi kwenye malisho, ikaisha. Nilisubiri kama mjinga. Nadhani kweli nilikuwa nasubiri.

Nyuma yangu, kwenye kizingiti, mama yake alikuwa amesimama ameshika kikombe.

"Anakuja," akasema, akiniambia mimi. "Ita tena."